Chupa ya Dozi Kumi

“Wifi, nifungulie tu hiyo chupa. Leo nimepata ruhusa kazini kwa kupiga magoti.”

Mke wa mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha chanjo, mtoto mgongoni, vumbi limempanda hadi magotini. Ilikuwa Jumanne, karibu saa sita mchana, na mtoto wa miezi tisa aliyeletwa siku hiyo alikuwa wake peke yake. Muuguzi wa chumba kile nilikuwa mimi, mwenye ufunguo wa friji na ulimi wa kumjibu kila mtu. Chanjo ya surua ilikuja katika chupa ya dozi kumi. Ukishaichanganya una muda wa saa sita tu, dozi zinazobaki unamwaga. Mwezi uliotangulia nilimwaga nyingi, msimamizi akanipasha mbele ya wenzangu hadi nikatamani ardhi inimeze. Tangu hapo nikajitungia sheria yangu: sifungui chupa mpaka wafike watoto sita.

“Rudi Alhamisi,” nikamwambia. “Siku hiyo wanakuja wengi.”

“Alhamisi siwezi, wifi.”

“Basi Alhamisi ijayo. Kwani chanjo inakimbia?”

Nikacheka. Naapa nilicheka. Mtoto naye akacheka, maana hakuwa na hiyana na mtu. Alikuwa na maneno yake chungu nzima yasiyoeleweka, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Mama yake akamweka sawa mgongoni, akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema. Ndani ya droo yangu kulikuwa na waraka: chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, dozi zitakazomwagwa hakuna atakayelaumiwa. Niliusoma, nikaukunja. Yule msimamizi nilimwogopa kuliko nilivyouamini waraka.

Wifi hakurudi Alhamisi ile wala iliyofuata. Kule kiwandani alikofungasha sabuni, ukiomba ruhusa mara ya pili kazi imeota mbawa. Mimi nami sikumfuatilia, na nyumba yao naijua kama kiganja changu. Miezi mitano baadaye surua ikaingia mtaani kwao.

Chiriku alipona. Homa ilishuka, vipele vikakauka, tukashukuru. Mama yake ndiye aliyegundua: sufuria ilimponyoka nyuma ya mtoto, ikalia sakafuni, na mtoto hakugeuka.

Siku daktari alipotuambia kwamba masikio yote mawili hayasikii tena, mdogo wangu alimgeukia mkewe palepale kwenye korido. “Dada alikuambia urudi! Si alikuambia?” Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, na sare yangu nyeupe. Wifi akanitazama mara moja tu. Nikajitia hamnazo, nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Maneno yale wifi ameyasikia miaka ishirini na mbili. Mumewe huwasimulia hata wageni, bila ukali siku hizi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni: shangazi wa mtoto alimwambia mama mtu arudi, hakurudi. Chiriku mwenyewe sasa ni fundi cherehani hodari. Huweka kiganja juu ya mashine, akajua kwa mtetemo kwamba sindano imepinda. Hanidai kitu. Akiniona hunikumbatia, na hilo ndilo linalonimaliza.

Mwezi uliopita nilistaafu. Jumapili moja nikajikaza, nikaenda kwao na mguu wangu mgonjwa, nikamkuta wifi jikoni anapepeta mchele. Nikamweleza yote: waraka, droo, woga wangu. Niliungama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hakuinua macho.

“Mimi unaniambia ya nini?” akasema. “Nilikuwepo. Mwambie mdogo wako, yuko sebuleni.”

Nikaenda. Mdogo wangu akasogea kunipisha kwenye kochi, akazima redio kabisa ili anisikie vizuri. Amezeeka, mvi zimemjaa hadi kwenye nyusi. Jikoni ungo ulikuwa umenyamaza.

“Ehe, dada,” akasema, “mguu unaendeleaje?”

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwapo yote, yamepangika vizuri kabisa.

“Haujambo kidogo,” nikamjibu. “Naona dawa zinasaidia.”

Jikoni, ungo ukaanza tena.