Maji ya Baraka Kwenye Pamba ya Maduhu

Mimi nina hasira, sikatai. Lakini wewe ukikuta nyuki wako wamelala chini ya mzinga miguu juu, utaimba? Kila mara jirani yangu Maduhu alipopulizia pamba yake dawa, kesho yake mimi nafagia maiti. Nikimwambia, ananijibu huku anachokonoa meno: "Mama Loveness, dawa yangu inaangukia palepale miguuni. Haijawahi kuvuka ua wetu wa minyaa."

Tukafikishana kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa bahati, watafiti wa kilimo walikuwa wanatafuta shamba la majaribio hapa Samuye. Akaja binti mmoja, Vaileth, ana adabu zake, shikamoo kwa kila mtu, na boksi la nozeli, zile ncha za bomba zinazotoa dawa. Alitaka kupima ipi inapeperusha dawa mbali. Akachomeka vijiti upande wangu wa minyaa, kila kijiti na kikaratasi cha njano. Tone likikigusa, hata dogo kama mbegu ya mchicha, kinaweka doa la bluu.

Mwenyekiti akakata shauri: vikiingia madoa, Maduhu abadilishe nozeli. Vikibaki njano, mimi nihamishe mizinga. Mizinga aliyoniachia marehemu Baba Loveness! Niipeleke wapi, chini ya kitanda? Nililia, sifichi.

Basi nikamwita katekista wetu, mwalimu Clemens, aje aombee shughuli. Kwetu hata pikipiki mpya haipandwi bila maji ya baraka. Sasa huyu mzee ana mkono mzito, jamani. Siku ya Pasaka hata waliokaa mlangoni wanarudi nyumbani wamelowa. Akasimama katikati ya pamba ya Maduhu, akabariki bomba, akabariki nozeli, akarusha maji kwa tawi lake huku na huku, na upepo nao ukaitikia amina.

Vaileth akapiga kelele. Nikageuka. Mayo we! Vikaratasi vyote madoa ya bluu, na bomba hata halijapanda mgongoni. Jaribio limeharibika! Kiherehere changu kimeniponza.

Maduhu akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mwenyekiti, hii haihesabiki! Hiyo siyo dawa yangu. Ni maji ya mwalimu! Nimeyaona kwa macho yangu yakiruka kutoka hapa kwenye pamba, yakavuka minyaa, yakaenda kutua kule kwenye mizinga!"

Mwenyekiti akamtazama. "Yamevuka nini, Maduhu?"

Vaileth akainamia boksi lake, mabega yanatikisika.

"Rudia, baba," nikasema kwa upole ambao sijawahi kumpa. "Mwenyekiti hajasikia vizuri."

Maduhu akaokota kofia, akaipangusa vumbi. Kisha akamnyooshea Vaileth mkono. "Binti, nipe hiyo nozeli ya matone mazito, yasiyopeperuka."

Mwalimu Clemens akachovya tawi. "Ngoja niibariki kwanza."

"Mwalimu, weka chini!" tukapiga kelele pamoja, mimi na Maduhu. Hatujawahi kukubaliana jambo tangu tumzike Baba Loveness.