Nukta za Rangi ya Kucha

...na usizijaze mpaka juu, Mama, hewa ipate njia, ndivyo Shimwa alivyomfundisha, na Mukamana hakuzijaza, alizimwaga kapuni kutoka kwenye mfuko zikiwa bado na vumbi la barafu, hakuziosha, hakuzitia mafuta, maana siku za mwanzo alikuwa akiziosha, jamani, chipsi za kugandishwa akazitia kwenye karai la maji kama viazi vilivyotoka shambani na udongo wake, binti yake akacheka hadi akaketi sakafuni, lakini leo hachekwi mtu, leo eafraya, hii mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto, inanguruma juu ya meza ya jikoni na swichi imezungushwa hadi kwenye nukta nyekundu, nyekundu ni chipsi, ya waridi ni sambusa, ya zambarau ni zile nageti za kuku ambazo yeye huziita maandazi ya Wazungu, nukta zenyewe kazitia Shimwa kwa rangi yake ya kucha, kapiga magoti mbele ya mashine, ncha ya ulimi imemtoka pembeni mwa mdomo kama zamani alipokuwa akijifunza kuandika, kwa sababu macho ya mama yake hayasomi tena tarakimu ndogo, na ni mtoto wa nani mwingine hapa Kicukiro anayemfanyia mamaye hivyo, nani, wale wa Yvonne jirani hata kumpigia simu mama yao hawampigii... na sebuleni ameketi Gasana, mdogo wake marehemu mume wake, katoka Masoro anakosimamia ghala, Jumamosi mchana, na kavaa koti, mtu havai koti kumsalimia mjane wa kaka yake na jua hili linalochemsha lami pale Sonatubes, koti lina habari yake, na Mukamana habari hiyo anaijua, anaijua sana, ila anajifanya hajui, kwani mama wa binti haulizi, mama wa binti hungoja kuambiwa. Ndiyo maana amewapiga marufuku wote wawili, Gasana na Shimwa, wasimfuate jikoni, "nyinyi zungumzeni, leo nakaanga mwenyewe," na Gasana akacheka, "Shemeji, wewe na umeme tangu lini, kule Ngara si ulikuwa unaikimbia hata redio," akamjibu, "Ngoja ule kwanza, ndipo useme," akawaacha, makusudi, wapate nafasi ya kulisema jambo lao.

Kwa sababu dalili zote zimetimia, yeye si mtoto, kalelewa na wanawake waliokuwa wakiona mimba kwenye mwendo wa mtu kabla mwenyewe hajaijua, na dalili ni hizi, kwanza simu za Shimwa nyuma ya mlango uliofungwa, saa nzima, sauti ya chini, pili yule kijana Ntare, aliyekuja akasimama uani, akalizunguka gari la Shimwa, akalipapasa boneti, akaona haya kuingia ndani hata kunywa maji, mchumba wa siku zote ndivyo alivyo, hujifanya anatazama matairi, tatu friza, friza nzima imeingia ndani ya nyumba ya watu wawili, ikajazwa chipsi, sambusa, vipande vya samaki, nageti, na mtu hajazi friza bila kutarajia wageni, wageni gani kama si wa gusaba, upande wa mwanaume ukija kuomba mke huja na ukoo wote mpaka wale wasioalikwa, na sasa la nne, Gasana na koti lake, kwani baba wa mtoto hayupo na msemaji wa familia atakuwa nani kama si baba mdogo, na ulimi ule wa Gasana, atawahangaisha wale watu, atajifanya hana binti wa kuozwa, atawadai ng'ombe mmoja baada ya mwingine mpaka walowe jasho, hema lote litacheka. Yeye mshanana wake, vazi la sherehe la kufunga begani, uko tayari, rangi ya maziwa, kaushonesha kwa Yasmina kule Biryogo kwa siri, umelala chini ya kitanda kwenye mfuko wa plastiki wa mashuka, na kwaya nzima keshaitonya, si kwa maneno, hapana, aliwaambia tu kwamba huenda mwezi ujao akawahitaji, wakapiga vigelegele pale pale mlangoni mwa kanisa, akaona haya, haya tamu... harufu ya viazi imeanza kutoka sasa, mashine inavuma, na katikati ya mvumo ule sauti ya Gasana, "...tarehe imeshatoka?" na ya Shimwa, "Imetoka, tonton," ndivyo amwitavyo baba yake mdogo kwa Kifaransa, "ni mwezi ujao," si ndiyo hiyo, Mungu wangu, si ndiyo hiyo, aliiambia kwaya mwezi ujao kwa kubahatisha tu, moyo wa mzazi haubahatishi, ataikoroga sosi ya nyanya, hapana, ataongeza na pilipili ya matone, Gasana anapenda kutokwa machozi anapokula... "na gari je?" "Gari iko anachukua Ntare, tumeshapatana," haya, mbona haraka hivyo, hata ng'ombe hajatoa keshachukua gari, vijana wa siku hizi, lakini si neno, cha mke ni cha mume, "na hii nyumba?" "Nyumba itabaki tu," itabaki, ndiyo, itakwenda wapi, hema litasimamishwa uani, watahamisha zile nguzo za kamba ya nguo, "...nikifika kule Arthur atanipokea, ana chumba."

Arthur. Anayempokea bibi harusi si kaka yake, bibi harusi hupokewa na mama mkwe, na Arthur yuko Kanada, mwanawe Arthur, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni kuvuka daraja la Rusumo waliporudi kutoka Ngara, Tanzania, Arthur aliyeituma hii mashine, sasa ana chumba cha nini, labda ni fungate, watu huenda fungate, labda yeye na Ntare... lakini Ntare anachukua gari. Ntare anachukua gari, alilipapasa boneti, akainama akatazama matairi, na hakuwa akijifanya, alikuwa akiyatazama matairi, kama mnunuzi. Mukamana akashika ukingo wa meza, meza ilikuwa ikitetemeka kwa mashine au mashine kwa meza, hakujua, na Gasana akashusha sauti, na mtu wa ghala hajui kushusha sauti, kazoea kupigia kelele malori, "Na mama yako anajua?" na yule mtoto, yule aliyekuwa kapiga magoti hapa na ulimi nje, akajibu kama mtu anayeulizwa kama maziwa yapo, "Bado. Nilikuwa nangoja kwanza azoee ile mashine. Sasa anajua kila kitu, tonton, na wewe si umeona, hata leo amenikataza kuingia," na Gasana, "Umefanya vizuri, mwanangu. Ungemwambia mapema asingekula." Umefanya vizuri! Kwa hiyo hakuna gusaba, hakuna hema, hakuna ng'ombe, hakuna mkwe, na zile chipsi na samaki wote mle ndani si wa wageni, ni wake, ni chakula chake yeye, kajaziwa friza kama mtu anayemwachia kuku pumba kabla ya kusafiri, na yeye alikuwa akijiuliza moyoni, kweli alijiuliza, wakwe watakula nageti siku ya gusaba, nyama iko wapi, mchele uko wapi, akajijibu kwamba vijana wana mambo yao, akili yake mwenyewe ilimgongea mlango akakataa kuifungulia. Na jiko lake la mkaa, imbabura yake ile nyeusi iliyopika maharage ya matanga ya mumewe, "Mama, moshi utakuua, mpe Yvonne," akampa Yvonne, na Yvonne akalipokea, hakumtazama usoni, akasema, "Mama Arthur, nitakuwa napita kukuona kila siku," akamwona Yvonne ana utu, kumbe Yvonne kapangiwa zamu, Yvonne anajua, na msichana wa kazi aliyerudishwa kwao kwa kisingizio cha kwenda kusoma ushonaji, huyo naye anajua, na Arthur anajua, na Gasana anajua, kaja na koti kulibariki, mtaa mzima unajua ila yeye na paka, asiyekuwepo na lake halipo, lakini yeye yupo, yupo hapa hapa, ukuta mmoja tu katikati, mikono inanuka viazi! Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akilisema neno hilo kwa watu wengine, akiwasikitikia. Kanada si kosa, watoto wa watu wanakwenda Kanada, angeambiwa, angelia, ndiyo angelia, angekataa kula, huo ni uongo wa nani kwamba hangekula, basi, ndiyo, hangekula, lakini baadaye angeamka akamsagia unga wa uji, akamfungia maharage makavu kwenye soksi, akamkumbusha kuvaa vizuri, mama aliyeambiwa ana kazi ya kufanya, aliyefichwa ana nini, ana nageti. Na kinachomchoma, kinachomchoma hasa, si visa wala gari, ni zile jioni, Shimwa akirudi kazini mapema, anajifunga kitenge, anasimama nyuma yake, anamshika kifundo cha mkono, "hivi, Mama, tikisa hivi, usiogope," na kidevu chake begani mwake, tangu baba yake azikwe walikuwa wakiishi humu ndani kama wapangaji wawili, kila mtu na mlango wake, ikaja mashine hii na mtoto akarudi, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mashine, hadharani, kwenye ushuhuda, watu wakacheka wakasema amina, alidhani anapendwa, na kumbe alikuwa anafundishwa kuachwa.

"Mama, umezitikisa?" Sauti ileile, tamu, kutoka sebuleni, na yeye akavuta kapu nje, mvumo ukakatika, joto likampiga usoni, afadhali, sasa macho yana sababu ya kuwa hivi, akazitikisa, hivi, usiogope, zilikuwa zimeanza kuwa za dhahabu pembeni, hakuna iliyoshikana na mwenzake, hakuna iliyoungua, hata kwenye zile picha za mfuko wa chipsi hazikupendeza hivi, akalirudisha kapu, mashine ikanguruma tena, "Nimetikisa, mwanangu!" na Shimwa akamwambia Gasana kwa fahari, "Umesikia?" Umesikia. Hiyo ndiyo tiketi yake, si visa, visa ilikuwa imelala kwenye droo ikimngoja bibi mmoja mwenye kiherehere aache kuosha chipsi, na yeye akaacha, akajifunza upesi upesi, akajifunza hata nageti asizozipenda, kwa sifa tu, kusikia "vizuri, Mama," laiti angeendelea kuziosha, laiti angeiunguza mashine mara moja ikatoa moshi, mtoto angesema bado, hajaweza bado, tumpe muda... akaitazama ile swichi. Nukta nyekundu iling'aa kidogo, Shimwa aliitia mara mbili isifutike, na ukucha wa Mukamana ukaenda pale wenyewe, ukakwangua, rangi ilikuwa ngumu, ikakataa, akachukua ncha ya kisu cha kumenyea, ikabanduka, ganda dogo jekundu, likaanguka mezani, na ile ya waridi, na ile ya zambarau, taratibu, bila haraka, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, hata hakuona aibu, na hilo ndilo lililomshangaza, alingoja aibu ije, haikuja, alimjua huyu mwanamke mwenye kisu tangu leo tu. Anajua haitasaidia, mwezi ujao ni mwezi ujao, nukta hutiwa tena, chupa ya rangi iko pale bafuni na Shimwa ana subira, hiyo subira kairithi kwa nani kama si kwake, lakini itabidi apige magoti tena hapa, amshike kifundo cha mkono tena, na safari hii mama atakuwa anajua kile kidevu kimewekwa begani kwa ajili ya nini, na atakiacha pale, atakuwa mzito wa kuelewa, atauliza kila kitu mara mbili. Akafungua mdomo, akidhani sauti itakwaruza, ikatoka laini, ya kizee, inayohitaji msaada, kumbe uongo wa ndani ya nyumba hauhitaji hata mazoezi, kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya mwanawe, akimaanisha mapenzi na uongo kwa pumzi moja. "Shimwa! Mwanangu! Hizi alama sizioni tena, mashine imenichanganya kabisa. Njoo unionyeshe." Kule sebuleni glasi ya Gasana ikagusa meza, kiti kikasogezwa, na Mukamana akayafuta yale maganda ya rangi kwa pindo la kitenge chake, akasimama akingoja, huku chipsi zikiendelea kuiva.