Kofia ya Nahodha Merv

Bibi Beryl alisema aliona kwa macho yake mawili: emu, yule ndege mrefu asiyeruka, alipita nyuma ya duka la mikate asubuhi ya Jumanne, kofia ya Nahodha imemkaa kichwani, anakwenda kwa madaha kama bibi harusi. "Na akanisalimia," aliongeza, akala kiapo kwa kaburi la mumewe.

Watu wakacheka. Kerryn naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa.

Kofia yenyewe ilikuwa kuba la plastiki la taa kuukuu ya barabarani, lililopigwa mstari wa buluu. Mzee Merv aliivaa katika sehemu zote saba za mwanzo za mchezo wa safari ya Mirihi, ambao mpwa wake Tess alikuwa akiurekodi kwa simu na kuuweka mtandaoni. Chombo chao kilikuwa tangi la maji lililoliwa na kutu, dirisha lake mlango wa mashine ya kufulia. Watazamaji arobaini na mmoja, nusu yao jamaa wa Tess. Ilibaki sehemu ya mwisho: Nahodha anavua kofia, anavuta hewa ya Mirihi kwa mara ya kwanza. Na ilibaki siku moja tu, maana kesho yake Mzee Merv alikuwa anapelekwa Adelaide kwa ndege kupasuliwa pafu, na hakuna aliyethubutu kusema atarudi lini.

Katika mji ule wa wachimbaji wa opali, jiwe la thamani, kilichoachwa juu ya kifusi cha mgodi hakina mwenyewe. Kerryn aliishi kwa kuchakura vifusi, akiokota vijiwe vilivyowapita wachimbaji. Jumatatu alilikuta kuba, nusu limefukiwa na vumbi jekundu. Akalibeba, akalikata kwa msumeno apate vifuniko viwili vya miche ya nyanya. Msumeno ulikwisha vuka katikati vumbi lilipopukutika, akauona mstari wa buluu wa Nahodha. Akasimama. Halafu akamalizia kukata.

Sasa Mzee Merv alishuka ngazi za nyumba ya Kerryn iliyochongwa ndani ya mwamba, akihema kila hatua, akaketi.

"Kosa langu, binti. Tess alilalamika kofia inang'aa, naonekana kama balbu. Nikaiweka kifusini ipate vumbi. Miaka hamsini ya uchimbaji, naacha kitu kifusini! Si uzee huo?"

"Si uzee, mzee wangu."

"Beryl anasema emu."

"Bibi Beryl mwaka juzi alisema kangaruu amembishia hodi."

Mzee alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Miche ilikuwa mlangoni, imefunikwa na vile vipande viwili vya kuba, hatua tatu nyuma ya mgongo wake. Kerryn alikuwa ameitupia gunia aliposikia kikohozi hichohicho kikija njiani.

"Tess anataka nivae ndoo," mzee akasema. "Mimi siendi Mirihi na ndoo. Wewe una macho, mwanangu. Mji mzima hakuna anayekiona kitu kifusini kama wewe. Twende ukanitafutie, kungali na mwanga. Utakuja?"

Upepo ulikuwa umeanza kuinua pembe ya gunia. Kerryn akaitazama, mkono wake ukipapasa unga wa plastiki uliobaki mezani.