Mwani Usiokunjwa

Haya aliniambia Mal-sun, jirani yangu, mwaka jana majani yalipoanza kupukutika, tulipokuwa tumeketi kupumzisha viuno. Kila mwaka kabla ya baridi tunaikwangua miamba ili mbegu za mwani zipate pa kushika, na kazi ile haiendi bila maneno. Mal-sun huwa anacheka kabla hadithi haijaisha. Hii aliicheka mahali pamoja tu.

Alikuwako mwanamke jina lake Dasom, mkazi wa mji wa Daegu kwenye nyumba za ghorofa. Jumamosi moja mumewe, Gyu-tae, alikuwa zamu kiwandani. Dasom akachukua gari, akapakia hema, blanketi, kiti cha kukunja, jiko la gesi, sufuria moja, na mwani.

Mwani wenyewe ulikuwa ule wa mzazi, wa kumpikia mchuzi mwanamke aliyejifungua, mkavu, mrefu kama mtoto wa shule, umefungwa kwa kamba ya majani ya mpunga. Huo haukunjwi wala haukatwi, wala bei yake mtu habishani, maana ukiukunja ni kama umeukunja uzazi wa mwenyewe. Mama mkwe wake aliununua tumbo lilipoanza kuonekana, akautundika ukutani. Kiangazi mtoto akazaliwa. Hakulia. Tangu siku ile nyumba nzima ilinyamaza. Kitanda kidogo kikaondolewa, nguo zikaondolewa, ukabaki mwani nyuma ya kabati, kila mtu akijifanya haujui. Kuutupa ilikuwa shida, kwa kuwa pipa la mabaki ya chakula pale ghorofani lina mdomo mdogo. Ungeingia tu kwa kuvunjwa, na Dasom mkono haukumtii.

Basi alichotaka ni kuurudisha baharini ukiwa mzima, arudi kwake asiuone tena.

Akaulaza kutoka kiti cha mbele mpaka kwenye buti, akashika barabara ya pwani kuelekea kaskazini, bahari mkono wa kulia. Huku kwetu barabara imejikunja kufuata majabali, na kila kona alipunguza mwendo, mkono mmoja ukiushika mwani usiteleze. Lori likampigia honi. Lilipompita, dereva akatoa kichwa.

"We mama! Unaendesha au unabembeleza?"

 Dasom akapunguza zaidi.

Kwenye rasi moja yenye miamba myeusi alisimama, akautoa mwani, akaukumbatia hadi ukingoni. Mawimbi yalikuwa yakipiga chini na kurusha povu mpaka juu. Mara wakatokea wanawake wenye mabegi ya kupandia milima, wakauona ule mwani mikononi mwake.

"Ooo, hongera mdogo wangu! Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," akasema. Hakudanganya.

"Jamani! Na bado unazurura kwenye upepo? Nenda ukalale, mzazi wewe!"

Wakapita wakicheka, na Dasom akaurudisha mwani garini. 

Jua lilipokuwa linashuka akafika kijijini kwetu, akasimamisha hema juu ya kokoto. Lilikuwa hema dogo, na upepo ulikuwa na umande wa chumvi. Aliogopa mwani usije ukalowa, akauingiza ndani, ukalala kutoka pembe hadi pembe. Yeye akajibanza pembeni, miguu ikabaki nje.

Ndipo Mal-sun alipoiona ile miguu.

"We! Toka hapo! Hapo ndipo ninapoanika ngisi!"

"Samahani, bibi. Sioni ngisi."

"Watakuja kesho. Au unataka niwaanike juu yako?" Akainama akachungulia, na hapa ndipo alipocheka. "Mwani umelala chumbani, mwenye hema kalala barazani! Hebu... hiyo kamba nimeifunga mimi. Huo mwani ni wangu."

Dasom akaketi upesi. "Basi uchukue, bibi. Tafadhali. Sitaki pesa."

"Mwani wa mzazi haurudi. Una mimba ya miezi mingapi?"

"Sina."

"Umeshajifungua?"

Dasom akaangalia bahari. Mal-sun alikuwa anataka kwenda kupika, magoti yanamuuma, lakini akakaa chini.

"Nakuuliza, umejifungua?"

"Hakulia, bibi."

Mal-sun akaacha kucheka.

"Ulimwona?"

"Nilipewa nikamshika. Alikuwa na nywele nyingi."

"Mlikuwa mkimwitaje, alipokuwa tumboni?"

Tangu kiangazi hakuna aliyemuuliza.  "Bori."

"Bori," akasema Mal-sun. "Sasa mama yake Bori, nani alikupikia mchuzi?"

"Hakuna. Mama mkwe alikataa. Alisema mchuzi wa mwani huleta maziwa, na maziwa hayo atanyonya nani?"

"Hayakuja?"

"Yalikuja bila mchuzi." Dasom akajifunika kifua kwa mikono. "Yalilowesha shuka. Nilifua mwenyewe ili Gyu-tae asione."

Mal-sun akamtukana yule mama mkwe tusi ambalo siliandiki hapa. Kisha akasema, "Mimi ya hospitali siyajui. Lakini mchuzi ule ni wa kurudisha damu pia. Damu yako ilimwagika au haikumwagika?"

"Ilimwagika."

"Basi lete sufuria."

Dasom akaukumbatia mwani. "Nilitaka kuurudisha baharini."

"Bahari ulikotoka imeshausahau. Nilikwenda kuuchuma kwa ajili ya tumbo la mtu. Ni tumbo lako. Nipe."

Kwa muda mrefu hakumpa. Upepo ulitikisa hema, mawimbi yakawa yanakokota kokoto. Mwishowe mikono ikalegea yenyewe. Mal-sun akafungua kamba, akashika jani moja kwa mikono miwili, kwani la mzazi halitiwi kisu, na Dasom akaziba masikio. Akausikia hata hivyo ule mvunjiko. Ndipo alipolia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ile ya hospitali, na Mal-sun akaendelea kuvunja bila kumnyamazisha.

"Sufuria gani hii, ya kumpikia paka?"

Aliroweka kwa mazoea ya nyumba yenye watu wengi. Mwani ukavimba, ukainua mfuniko, ukamwagikia jiko. Akapaza sauti kuelekea mlango wa nyumba yake, mumewe akaleta wali, bakuli na mafuta ya ufuta, akarudi bila kuuliza.

Bakuli la kwanza Mal-sun aliliweka upande wa kichwa cha hema, la Bibi Samsin, mzimu anayeleta watoto.

"Kula," akaliambia giza lililoanza kuingia, "ingawa safari hii kazi umeiharibu."

La pili akampa Dasom. Alikula akilia, chumvi juu ya chumvi. Alipomaliza akajazwa tena.

Simu ikalia. Gyu-tae alikuwa amerudi akakuta nyumba tupu.

"Uko wapi?"

"Baharini. Nimekula mchuzi."

 Gyu-tae akauliza polepole, "Nani kakupikia?"

"Aliyeuchuma."

"Ningekupikia mimi. Nilikatazwa nikakubali." Akaongeza, "Nilizijua zile shuka, Dasom."

 Dasom akasema, "Kesho nitakuja na uliobaki," akakata.

Mal-sun alikuwa ameahidi kuosha sufuria ndipo aende. Usingizi ulimkuta kwenye kiti cha kukunja, mwiko mkononi. Dasom akamfunika blanketi, akamwondolea mwiko.

Akaingia hemani. Sasa nafasi ilikuwepo ya kunyoosha miguu. Vipande vilivyobaki vilitosha kwenye mfuko mdogo, akaviweka miguuni. Lakini hakulala katikati. Alijibanza palepale pembeni, akaiacha wazi ile nafasi ndefu ulipolala mwani, mkono wake juu yake, akasema jina la Bori mara moja, akalala.