Kumi kwa Kimoja

Fundi seremala alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe alishakata tamaa ya kuutibu: hakuweza kuona mbao akaiacha bila kuilainisha. Kwa hiyo mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alipomwomba amtengenezee vitofali vidogo vya mamoja na vijiti vya makumi, kila kijiti kiwe na urefu wa vitofali kumi vilivyopangwa, fundi alipiga randa na msasa mpaka vijiti vikang'aa, utadhani vinapelekwa kuposa. Mkewe alivisifu, akaomba tu watoto wasivitie mdomoni.

Hawakuvitia mdomoni. Walivikataa. Aliyeanzisha mgomo ni msichana wa dawati la mbele ambaye wenzake walimwita Wakili, na si kwa kumwonea. Siku hiyo walikuwa wanajumlisha ishirini na saba na kumi na tano. Vijiti vilikuwa vitatu, na vitofali saba vilipokutana na vitano vikawa kumi na viwili. Mwalimu akamwambia atoe vitofali kumi, naye atampa kijiti kimoja. Wakili akakiangalia kijiti, akaviangalia vitofali vyake, akavikumbatia. Atoe kumi apewe kimoja? Darasa zima likaona mwenzao ana akili, kila mtu akalinda mali yake.

Yangeishia hapo kama mwalimu mkuu asingekuwa dirishani. Yeye alikuwa mtu wa kuimbisha hesabu ubaoni, na mambo ya mbao hakuyapenda tangu mwanzo. Akasema kwa upole wake wa kutisha kwamba atarudi Ijumaa. Watoto wakishindwa kujumlisha, vitu vyote viende stoo.

Mwalimu alifika nyumbani amenyong'onyea. Akamwomba mumewe avichore vijiti mistari ili kila kumi ionekane. Fundi akaona ametukanwa. Achore mistari kwenye kazi aliyoilainisha siku nzima? Vijiti havina kosa, alisema, mwenye kosa ni huyo mtoto, na Ijumaa angekwenda mwenyewe kumwelewesha. Mkewe akamjibu aende tu, ila aweke akiba ya maneno.

Ijumaa fundi aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Mwalimu mkuu alikaa nyuma, mikono kifuani. Hesabu ilikuwa ileile, na mbele ya Wakili kulikuwa na vijiti vitatu na vitofali kumi na viwili.

"Mama," fundi alimwambia Wakili, "hiki ni kumi, vimeshikana tu."

"Nimekihesabu, baba. Ni kimoja."

Hasira hasara. Fundi alichomoa msumeno mkobani, akachukua kijiti cha akiba na kuanza kukikata: anapima kwa kitofali, anakata, anapima, anakata. Vijana wake wa karakana huwa anawaambia kutwa kwamba msumeno hula mbao kila unapopita. Siku hiyo hakujiambia mwenyewe. Vipande tisa vilitoka vizuri. Cha kumi kilitoka chembamba kama biskuti.

Wakili akavipanga kando ya vitofali vyake, akakitazama kile cha mwisho.

"Ulitaka kunipunja," akasema, bila chuki hata kidogo.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu akasimama. Fundi aliona aibu, lakini kilichomchoma zaidi ni uso wa mkewe, ambao haukucheka. Kwa upole zaidi kuliko alivyoingia, akamwomba Wakili amwazime vitofali vyake kumi. Wakili alifikiri, kisha akampa kimoja kimoja huku akihesabu kwa sauti. Fundi akatoa gundi kwenye mkoba, akavigandisha na kuvibana kwa viganja juu ya goti. Tangu ajue kushika nyundo hakuwahi kufanya kazi mbaya namna ile. Gundi ilifura kwenye kila ungio, na vitofali viwili vilikaa upande.

Wakili alipitisha kidole kwenye maungio, moja hadi kumi. Akarudia, maana fundi mwenyewe alishajulikana. Kisha akakilaza kando ya vile vitatu laini, urefu sawa. Akavisogeza vyote pamoja.

"Kumi, ishirini, thelathini, arobaini," akasema, akagusa vitofali viwili vilivyobaki. "Arobaini na mbili."

Mwalimu mkuu akampa hesabu nyingine, ngumu zaidi. Safari hii Wakili mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono, akatoa kumi na kudai kijiti chake. Nyuma yake mikono mingine ikanyooshwa.

Fundi akainama achukue kile kijiti cha gundi, akakisafishe nyumbani. Wakili akakivuta.

"Utakiharibu," akasema.

Mwalimu mkuu akakiomba kidogo. Akakipapasa, midomo ikimcheza mpaka kumi.

"Fundi," akasema, "tutengenezee vingine. Vibaya hivyohivyo."

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kifutio cha ubao, uso ukawa mweupe kwa chaki. Fundi akaitikia oda, moyo ukimuuma na kufurahi kwa pamoja.