Kiatu Ndani

"Pedzi! Kiatu ndani!"

Sauti ya Bwana Makwarimba, mtahini mkuu wa madereva, ilitoka dirishani ikiwa bado na mkate mdomoni. Ilikuwa saa tatu kasoro. Pedzisai akaegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaanza kuyasukuma mapipa ndani, moja baada ya jingine.

Kazi hiyo aliijua kama anavyoijua sahani yake ya ugali wa sadza. Kwenye lami ya uwanja wa majaribio ya udereva palikuwa na alama nyeupe kumi na mbili, na juu yake yalitakiwa kukaa mapipa kumi na mawili yenye mistari myekundu. Alama alizipaka rangi yeye mwenyewe miaka sita iliyopita, siku bwana mmoja wa makao makuu alipokuja na futi ya kupimia. Asubuhi mapipa yalikaa palepale kwenye alama, na waliopita kwanza ni wale ambao vitabu vyao vya leseni ya muda viliingia ofisini vikiwa vinene kidogo, chai ya mkubwa ikiwa katikati ya kurasa. Walirudi kinyumenyume, wakapinda, wakatoka wanachekelea. Wakishaisha hao, dirisha lilifunguka: kiatu ndani. Hapo kila pipa lilisogezwa kwa urefu wa kiatu cha Pedzisai, namba tisa, na walalahoi waliobaki wakaitwa kujaribu bahati yao. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishasema, na Makwarimba hakuwa na sababu ya kubishana na wahenga.

Miaka sita Pedzisai alikuwa ameyasukuma mapipa hayo bila kuuliza. Leo mikono ilikuwa mizito, maana kwenye foleni ya walalahoi na jina lake lilikuwemo.

Na si mara ya kwanza. Mara ya kwanza aliandikiwa kwamba gari lilirudi nyuma mlimani. Halikurudi hata unyayo. Mara ya pili hakuwasha taa ya kupinda. Mara ya tatu Makwarimba alichoka hata kutunga uongo, akaandika tu: ana haraka. Leo ilikuwa ya nne, na ya nne sasa ilikuwa na karatasi yake. Aliibandika mwenyewe Jumatatu, kwa gundi ya unga wa mahindi, kwenye ubao wa matangazo: ATAKAYEFELI MARA NNE HATAPIMWA TENA MPAKA IPITE MIAKA MIWILI. Chini palikuwa na sahihi ya Makwarimba. Muhuri haukuwepo.

"Mimi sheria hii naiunga mkono," alikuwa akisema Mama Gwatidzo wakati Pedzisai alipofika kwenye foleni. Mama huyo aliuza nyanya na vitunguu sokoni, alikuwa amenunua pikapu kuukuu, na dereva aliyemwajiri alimwibia kila siku mchana kweupe. "Shemeji yangu aliuawa na mtu aliyefeli mara saba. Mara saba! Mtu kinyumenyume hajui, unampa barabara ya nini? Angewekewa mpaka, shemeji angekuwa anakula mahindi yake sasa hivi."

"Na wewe umefeli mara ngapi, mama?" akamuuliza Zebedia, mwalimu wa udereva, mwenye gari jekundu ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba.

"Mbili. Lakini mimi najua ninapokosea. Ni haya mapipa. Macho yangu yananidanganya." Akamgeukia Pedzisai. "Kaka, niambie wewe unayeyapanga. Leo si yamebanana kweli?"

"Ni macho tu, mama," alisema Pedzisai.

Zebedia alikohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua. Akamshika Pedzisai mkono, akamvuta mpaka nyuma ya gari.

"Hivi wewe ni mjinga au umeokoka? Ile karatasi haipunguzi wanaofeli, inapandisha bei ya kufaulu. Mwezi jana chai ilikuwa dola thelathini. Leo themanini, kwa sababu mtu aliyebakiwa na nafasi moja habishani bei. Nipe kitabu chako. Nakukopesha, utanilipa ukishakalia kiti cha ambulansi."

"Nimewaoshea magari miaka sita, Zebe. Nimewaegeshea mabasi yaliyokamatwa na polisi usiku na mchana. Niwape na chai?"

"Haya, fuata roho yako. Ila gari yangu usinigongee."

Kiti cha ambulansi ndicho kilichomnyima usingizi wiki nzima. Zahanati ya misheni ya kijijini kwao ilipewa ambulansi mwezi wa tatu, na tangu mwezi wa tatu ilikuwa imekaa bandani na vumbi lake, haina dereva. Wajawazito waliendelea kupelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Sista Perpetua alimjua Pedzisai tangu akiwa kijana anaendesha trekta kwenye shamba la tumbaku, akamwambia: lete leseni, kazi ni yako, na juu yake nyumba ya vyumba viwili yenye umeme. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi jioni. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Nyumbani mke wake, Mama Ruva, alikuwa ameshazifunga sufuria ndani ya shuka, zinasubiri gari.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifika pipa la tatu, akaligusa kwa bampa, likayumba. Uwanja huo ulikuwa na desturi yake. Foleni nzima iliita kwa sauti moja, "Pipaaa!" na mwalimu akashuka na aibu yake, akaenda zake bila kumuaga mtu.

"Pedzisai Mushayi!"

"Eeh, leo fundi mwenyewe!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Mganga hajigangi!"

Watu wakacheka. Pedzisai akaingia kwenye gari la Zebedia, akarekebisha kiti, akafunga mkanda. Akatia gia ya kurudi nyuma. Alizijua nafasi zile kwa nyayo zake mwenyewe, alijua ni vidole vingapi vimebaki kila upande. Alirudi taratibu, shingo imegeuka, klachi ikipumua chini ya mguu. Akapinda kushoto. Akaingia. Akasimama katikati kabisa, akatoka, akarudia upande wa pili. Hakuna pipa lililoyumba. Mama Gwatidzo akapiga vigelegele kama yuko arusini, na wengine wakampigia makofi. Pedzisai alihisi machozi yakimpanda, akajifanya anatazama kioo.

Makwarimba akaja na ubao wake wa kuandikia na pakiti ya maputi, bisi zile za mahindi anazozipenda. Akaketi kando yake. "Twende barabarani."

Walipita sokoni. Walipita kwenye taa zisizowaka tangu mwaka juzi, na Pedzisai akasimama hata hivyo, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mlimani alisimamisha gari, akaliondoa bila kurudi nyuma hata upana wa wembe. Makwarimba alikuwa anatafuna maputi na kutazama nje.

"Unaendesha vizuri kuliko mimi," alisema.

Moyo wa Pedzisai ukaruka. "Asante, bosi."

"Yule Sista wenu alinipigia simu wiki iliyopita. Aliniuliza tabia yako."

"Ukamwambia nini, bosi?"

"Nilikusifu sana. Si mlevi, si mwizi. Kisha nikakata simu, nikakaa nikawaza." Akajitupia maputi mdomoni. "Magari yote yanayokamatwa na polisi pale uwanjani, nani ataniegeshea? Yale mabasi nani atayapitisha kwenye lile geti? Nimeomba dereva wa uwanja miaka minne. Wananijibu hakuna fungu. Nina wewe tu, Pedzi."

"Bosi, mimi nimeandikwa kibarua wa ufagio."

"Ndiyo maana hawajui kama nimeshapata dereva."

Alitoa kalamu mfukoni, akaandika. Pedzisai aliyasoma maneno kwa jicho la pembeni, mikono yake ikiwa bado kwenye usukani: Hakutazama kioo.

"Nilitazama, bosi! Kila mara nilitazama!"

"Nani alikuona?"

Gari lilikuwa na watu wawili tu.

"Sasa usinune. Mimi nakulindia kazi," alisema Makwarimba, na cha kuudhi zaidi, alisema kwa huruma, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu. "Hapa mjini ni vijana wangapi wana kazi? Wahesabu. Geuza, turudi, jua linanikuta."

Zebedia alipouona uso wake, alichukua ufunguo wake, akaenda kulikagua gari lake. Pedzisai alisimama nyuma ya choo, mahali penye mtandao, akampigia Sista Perpetua.

"Nimefeli, Sista."

"Mapipa?"

"Mapipa nimepita."

"Basi nini?"

"Kioo."

Kule upande wa pili alisikia mtoto analia na mlango unabamizwa. "Pedzisai, mwanangu, siwezi kungoja," alisema Sista. "Jana tena tumempoteza mmoja njiani. Nitamchukua yule kijana wa mjini. Kufunga breki ndiyo anajuajua tu, lakini karatasi anayo."

Kwa Mama Ruva hakupiga. Alishindwa kuigusa namba yake hata kwa kidole. Alibaki ameishika simu, akiziwaza zile sufuria ndani ya shuka.

Saa tano jua lilikuwa limefika kwenye pikapu ya Makwarimba, ile nyeupe ya milango minne. Kila siku saa tano Pedzisai aliirudisha kinyumenyume katikati ya mapipa mpaka chini ya msasa, mti pekee wenye kivuli pale uwanjani. Makwarimba alitoka ofisini, akaurusha ufunguo bila kutazama. Mkono wa Pedzisai ukaudaka wenyewe, kwa mazoea.

"Iweke kivulini."

Pedzisai aliutazama ufunguo. Akaenda nao mpaka kwenye ngazi ya ofisi, akauweka juu ya ngazi.

"Siwezi, bosi. Sina leseni."

"Ati nini?"

"Nimefeli mara nne. Karatasi iko pale, nimeibandika mwenyewe. Nasubiri miaka miwili."

Kwenye foleni mtu alicheka, akajiziba mdomo. Makwarimba aliangaza macho, akaona watu wote wanamtazama, wakiwa na vitabu vyao vyembamba mikononi. Angeweza kuliacha gari juani. Lakini mkubwa akitazamwa na watu wadogo huona lazima afanye jambo. Akauokota ufunguo, akapanda, akabamiza mlango, akarudi nyuma kwa hasira.

Pipa la kwanza alilipita. La pili akalikwangua. La tatu likapinduka na mlio wa bati uliowatimua kunguru mtini.

Kisha sauti moja ndogo, ya mwanamke, ikasema, "Pipa." Na foleni nzima ikaangua kicheko. Walicheka mpaka wakashikana mabega, watu ambao kati yao hakuna aliyekuwa na cha kuchekea siku ile.

Makwarimba akashuka. Taa ya nyuma ilikuwa imevunjika. "Nani?" alinguruma. "Nani ameliweka pipa hapa?"

"Mimi, bosi," alisema Pedzisai. "Kiatu ndani. Kama ulivyoagiza."

Kicheko kilikatika.

"Alama yake ile pale," akaendelea, sasa akiwaambia wote. "Ile nyeupe. Pipa linatakiwa likae pale. Asubuhi lilikuwa pale, wenzenu waliotoa chai walipopita. Yakibaki majina yenu ndipo ninapoambiwa niyasogeze. Kila siku. Miaka sita."

Mama Gwatidzo alitoka kwenye foleni. Akaenda polepole mpaka kwenye pipa la nne, akainama, akavua ndala yake, akaipima kati ya pipa na alama. Ndala ilienea yote, nafasi ikabaki.

"Kwa hiyo zile mara mbili zangu," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Na nimekuuliza asubuhi hii hii. Nikakuita kaka."

"Uliniuliza."

"Unajua nililia kiasi gani? Nilienda kupima macho! Nimeuza mbuzi nikanunua miwani!" Alikuwa ameishika ile ndala kama anataka kumpiga nayo, na Pedzisai hakurudi nyuma. Angempiga angeona ni haki.

"Mlinzi!" Makwarimba alikuwa anaita. "Mlinzi! Mtoe huyu mwendawazimu nje! Na ovaroli aivue, ni mali ya serikali!"

Pedzisai aliifungua vifungo, akaivua, akaitundika juu ya mpini wa ufagio. Alikuwa na fulana iliyotoboka na suruali fupi. Kisha akalisimamisha pipa lililoanguka, akalisukuma mpaka kwenye alama yake. Akaenda la pili. Akaenda la kwanza. Mlinzi alikuwa anatoka getini bila haraka, kirungu kimening'inia, maana naye alikuwa na mtoto wa dada yake kwenye ile foleni. Pedzisai aliwahi kufikisha pipa la tano mlinzi alipomshika mkono.

Mama Gwatidzo hakumtazama usoni. Alivaa ndala yake, akaweka mkoba chini, akalikumbatia pipa la sita, akaanza kulisukuma kwenye alama yake.