Kufungua Mdomo Tu

Mwaka jana, kwenye tamasha la kwaya la jimbo, niliimba vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu sikutoa sauti hata chembe.

Mwalimu Solomoni, kiongozi wa kwaya yetu, aliniita pembeni asubuhi ile tukiwa tumeshavaa majoho. Ni mtu mpole. Akiwa na neno gumu hushikashika vifungo vya shati lake kama anayeogopa vimepungua. "Mama Koikai," akasema, "leo ukae mstari wa nyuma. Ufungue mdomo tu. Sauti utuhifadhie."

Nikatii. Nikafungua mdomo, nikafumba macho, nikayumba, nikainua mkono penye kuinua mkono. Video ilipotoka, yeyo wangu, mama yangu mzazi kule Terrat, aliiangalia kwenye simu ya jirani akatokwa machozi. "Nanyori mwanangu, wewe ndiye uliyeimba kuliko wote!" Mchungaji naye akanishika mkono mlangoni pa kanisa: "Mama, umeimba kwa roho."

Sijawahi kusifiwa hivyo, na sijawahi kuumia hivyo. Mtu akikutukana unamjibu, mnaachana. Akikusifia kwa kitu ambacho hukukifanya, utamjibu nini?

Na mimi si mtu wa kukosa jibu. Nauza masweta ya mitumba, ya watoto na wakubwa, sokoni Sombetini tangu Koikai akiwa mgongoni, na sasa Koikai ana ndevu. Nimefiwa na mume, nimevunjiwa kibanda, nimeibiwa balo zima nikiwa nimelikalia, au angalau nilidhani nimelikalia. Yote hayo nimeyapita mdomo ukiwa wazi. Sauti ndiyo iliyonilisha. Leo niambiwe niifungie ndani kama mbuzi mla mboga za watu?

Mwaka huu mazoezi ya tamasha yalipoanza, nilimfuata Solomoni kabla hajafungua kinanda.

"Mwalimu, mwaka huu naimba."

Akashika kifungo. "Mama Koikai, unajua..."

"Sijaomba ruhusa, Mwalimu. Natoa taarifa."

Nice, kiongozi wa sauti ya pili, alicheka mpaka akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Solomoni akahamia kifungo cha pili. "Sawa. Utapimwa kama wengine. Ukipita, unaimba. Usipopita..."

"Nafungua mdomo."

"Unafungua mdomo."

Kupimwa kwetu kuna utaratibu wake. Unasimama mbele peke yako, kwaya nzima inakupa mgongo, ili usipimwe sura wala ukoo wala kitenge. Unaimba ubeti bila kinanda. Yeyote akisikia kosa anagonga benchi, na benchi likigongwa kabla ya neno la mwisho, umekwisha. Mwaka jana la kwangu liligongwa ndiyo kwanza navuta pumzi, nami nikajifanya sikusikia mpaka asubuhi ile ya majoho. Mpaka leo naamini ni Lucky, yule kijana wa sauti ya tatu, ingawa anakana.

Wimbo wenyewe ni wa mavuno, ameutunga Solomoni. Ubeti unaishia na neno "limeiva", na hilo neno unatakiwa ulivute mpaka wasikilizaji waone mahindi. Ndipo nilipokuwa nafia.

Nikajirekodi kwa simu, nikatuma kwenye grupu la kwaya. "Wapendwa, nisaidieni, wapi nirekebishe?" Majibu yakamiminika. Ubarikiwe mtumishi. Amina mama. Ubarikiwe sana. Nice akaweka kialama cha njiwa. Siku ile nilitembea Sombetini kama askofu. Wiki iliyofuata nikatuma tena: ubarikiwe. Kisha nikatuma nikiwa na mafua, sauti kama geti la bati, na mtu akaandika: "Uzidi kuinuliwa, mama."

Hapo nikashtuka. Kwetu "ubarikiwe" ni kama chai ya msibani, anapewa kila aliyefika. Mimi nilikuwa nimeichukua kama cheti.

Meza ya jirani yangu sokoni ni ya Twahira, anauza viungo na tende. Ni mtu wa Kondoa, na ujana wake alifundisha wasichana kaswida madrasa. Nikamsogezea simu. Akasikiliza mpaka mwisho huku anafungasha iliki.

"Shoga, alikamatwa?"

"Nani?"

"Huyo mwizi uliyekuwa unamwitia watu."

"Twahira, huo ni wimbo wa Mungu!"

"Mungu anasikia, mbona unampigia makelele?" Akaweka iliki chini. "Usinune. Kutwa nzima unapayuka sweta, sweta, jioni unaenda kuimba na koo lililobaki. Halijabaki kitu. Nunua kipaza sauti kama wenzako, urekodi tangazo lako mara moja, kiimbe chenyewe. Wewe unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Najua. Ni mtihani."

Nikanunua kile cha kushika mkononi, kinachorudia tangazo mpaka ukizime. Kinashika kitu kimoja tu. Ukirekodi kipya, cha zamani kinafutika. Hilo nililijua vizuri. Siku ya siku nikalisahau.

Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, umeme umekatika, simu haina chaji, na mimi nimeamka na hamu ya kuimba. Kipaza sauti kilikuwa na betri. Nikaimba ubeti wangu humo, nikajisikiliza kidogo, nikaridhika, nikaondoka nacho kwenda sokoni. Ilikuwa Julai, mlima Meru umejifunika mawingu mpaka miguuni, baridi inauma masikio, kila mama anatafuta sweta. Nikakitundika juu ya meza, nikabonyeza.

Nilitegemea kusikia, "Sweta, sweta, mtoto asitetemeke!" Nikasikia, "Shamba looote..."

Nikabonyeza kukizima. Kumbe nimeongeza sauti.

Soko likasimama. Dismasi, mbeba mizigo, alikuwa anapita na balo kichwani. Akasimama nalo hivyohivyo.

"Maza! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa!"

"Basi huyo anayeimba yuko karibu."

"Mwacheni," akasema Joyce wa ndizi, "mwanzo mbona mzuri. Ila mwishoni anakata neno. Hebu rudisha."

"Linarudi lenyewe, Joyce. Ndiyo shida yake."

Likarudi. Wakasikiliza tena, safari hii wamekunja mikono kama wazee wa baraza. "Hapo!" Joyce akanyoosha ndizi. "Limei, halafu kimya, halafu va. Limei ndiyo nini?" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye hata jina lake silijui, akaongeza kwamba mwisho wa wimbo nazidi kupanda kama nimefukuzwa na mbwa. Twahira akatoa shingo kwenye tende zake. "Mimi nilishasema. Mwizi."

Nilitamani kujifukia ndani ya masweta. Lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi. Likarudi mara nyingine, na kweli: limei, kimya, va. Nilikuwa navuta pumzi katikati ya neno, na grupu zima la watumishi halikuniambia. Joyce, anayesali kwingine na hanidai adabu yoyote ya kikwaya, ameniambia kwa ndizi.

Nikapata kikombe cha chai, nikakaa, nikaamua. Kama ni hivi, basi iwe hivi.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu kabla ya tangazo la sweta niliwapigia ubeti niliourekodi Jumapili. Nilichagua Jumatatu kwa sababu Jumatatu watu hawana huruma. Kwenye simu nikawa natunza zote, za zamani na mpya, ili nisije nikajidanganya kwamba nimepona kumbe nimezoea ugonjwa. "Limei" ilikwisha haraka: nikavuta pumzi kabla ya neno, si ndani yake. Joyce akanipa ndizi ya pongezi, iliyoiva mno lakini.

Kisha nikaharibu. Kwa kuogopa kuitwa mwitia wezi, nikaanza kuimba kwa woga, sauti nyembamba kama uzi wa kufumia.

"Maza," Dismasi akauliza, "leo umeimba au umeota?"

Nikikaza, nalia. Nikilegeza, napotea. Na lile neno la mwisho, nikilivuta, lilitetemeka kila wiki pale pale. Nikafungua simu nikalinganisha. Jumapili tatu za mwisho zilikuwa kama mtu mmoja anaanguka kwenye shimo moja. Siku ya kupimwa inakaribia. Niseme ukweli, Jumatatu hiyo nilipiga ubeti kwa sababu tu nilishasema nitapiga.

Ndipo nikamwona Mwalimu Solomoni amesimama mbele ya meza yangu, ameshika sweta la mjukuu wake, anasikiliza.

"Habari za hapa," akatusalimia wote, kisha akanigeukia. "Mama Koikai, ubariki..."

"Ukilimaliza hilo neno, Mwalimu, nakupiga kwa sweta."

Dismasi akatua mzigo wake. Hakutaka kukosa.

"Kwenye grupu mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Mtu mwenye ujuzi wako, unaniwekea amina!"

Vifungo vikapata shida. "Mchungaji yumo kwenye grupu. Na wewe mwenyewe, ukiambiwa, unajibu."

"Mimi?"

Soko lote likasema, "Ndiyo!"

Nikafunga mdomo. Twahira anasema aliitazama saa.

"Hapa sijibu," nikasema. "Niambie."

Akaniambia nisimame, mgongo kwenye nguzo ya kibanda, niimbe neno la mwisho peke yake. Nikaimba. "Shika shingo yako," akasema. Nikaishika, mishipa ilikuwa imesimama kama kamba za kufungia balo. "Unaona? Hiyo noti unaikaba. Unaogopa itatoroka. Pumzi unayo, sokoni umejijengea pumzi ya ng'ombe, ila unaimwaga yote mwanzoni. Weka mkono mbavuni. Vuta hewa mbavu zitanuke, halafu zizuie zisirudi haraka. Toa kidogo kidogo, hivi." Akatoa "sss" ndefu, nyembamba, isiyopanda wala kushuka, mpaka tukaanza kumwonea wasiwasi.

"Kila siku," akasema. "Kabla hujaimba hata herufi moja. Na sweta hili nalichukua."

Nikafanya. Nilitoa "sss" nikikunja masweta, nikatoa "sss" nikipanda kutoka kisimani, "sss" mteja akisaka chenji kwenye mfuko wake. Mwanamke mmoja wa kutoka Nduruma aliacha sweta akakimbia, akasema kuna nyoka mezani. Twahira naye akanihamisha upande: "Wateja wangu wanapekua tende, shoga. Fanyia kule kwa ndizi." Mwanzoni pumzi yangu ilikuwa inaisha kabla sijamaliza kukunja mkono wa sweta. Baadaye nikawa namaliza sweta zima na kuliweka kwenye fungu.

Jumatatu ya mwisho niliwapigia mbili kutoka kwenye simu: ile ya kwanza kabisa, kisha ya jana yake. Ya kwanza ilipoisha, nilishika kichwa.

"Nilikuwa naimba hivi na mkakaa kimya?"

"Nani alikaa kimya?" akasema Joyce.

Ya pili wakaisikiliza bila neno. Dismasi akajitwika mzigo wake. "Mwisho unashuka kidogo," akasema, akaenda zake. Kutoka kwa Dismasi, hilo ni ua.

Siku ya kupimwa Lucky alinitangulia. Benchi likagongwa katikati ya ubeti, na nakiri mbele za Mungu kwamba nilisikia raha. Kisha nikaitwa kwa kidole tu, kwa utaratibu wetu, jina lisitajwe. Nikasimama mbele. Migongo yote hiyo, majoho hayajavaliwa, sweta mbili tatu nazifahamu.

Nikaanza. Shamba likapita. Mvua ikapita. Hakuna aliyegonga. Kabla ya neno la mwisho nikavuta hewa, na koo likataka kukaza kama lilivyozoea, maana koo langu na mimi tumezeeka pamoja na halipendi mambo mapya. Mkono ukaenda mbavuni wenyewe. Nikaliachia neno.

Likatoka, jembamba lakini zima. Likaenda. Nikaona mkono wa Nice, kwa nyuma, umeinuka juu ya benchi.

Na mimi nikalisikia. Kabla Nice hajagonga, kabla Joyce, kabla Dismasi, nililisikia mwenyewe kwamba linashuka. Maisha yangu yote nilikuwa naambiwa. Sasa masikio yangu ndiyo yaliyoniambia. Sikulikaba. Nilitanua mbavu tu, nikalipandisha polepole mahali pake, kama unavyomrejesha mtoto kitandani bila kumwamsha. Mkono wa Nice ukabaki hewani, ukabaki, kisha ukarudi mapajani.

Nikamaliza.

"Anayefuata," akasema Solomoni.

Lucky hakuvumilia. "Mwalimu, huyo nani? Ni mgeni?"

"Ni mimi," nikasema, "mtu wa kufungua mdomo. Na benchi la mwaka jana nalikumbuka, baba."

Waligeuka wote kwa pamoja. Nice alikuwa wa kwanza kucheka, kisha akaja akanikumbatia. Mwalimu Solomoni hakuja. Alibaki kwenye kinanda, mikono imetulia, vifungo vimepewa likizo.

"Noti ya mwisho ilishuka," akasema mbele ya kwaya nzima. "Sikugonga kwa sababu ulikuwa unairudisha. Kwenye tamasha isishuke. Utasimama mstari wa pili, kando ya Nice, umsikilize."

Sikumjibu. Watu waliokuwepo watathibitisha.

Nilipotoka nje simu ikalia; grupu la kwaya. Ubarikiwe mtumishi. Ubarikiwe sana, mama. Njiwa. Nikaandika, "Amina," nikairudisha mfukoni, nikaweka mkono mbavuni, na njia nzima kushuka mpaka nyumbani nikaenda natoa "sss".